North Adams, Urafiki, na mikono ya mama

Mama alinifungashia doti 4 za kanga, nusu kilo ya pilipili manga, iliki, na mkaja wa merikani uliofuliwa miaka mingi mpaka ukawa laini kama ndewe la sikio. Mkaja huo ulimfunga yeye tumbo aliponizaa mimi, ukamfunga tena alipomzaa mdogo wangu. "Mwenzio anajifungua kwenye baridi," aliniambia huku akiukunja. "Usimwache tumbo wazi. Na uji umpikie wewe mwenyewe, usimwachie mumewe."

Ndivyo nilivyorudi North Adams mara ya pili, mwishoni mwa Oktoba 2022. Mdogo wangu anaishi huko na mumewe, kazi yake ni kuhudumia wazee, na alikuwa amebakiza wiki 2 kujifungua. Uwanja wa ndege waligonga muhuri wa miezi 6 kwenye pasi yangu. Nilikaa yote, kasoro siku 4.

Mara ya kwanza nilikwenda mwaka 2018, wiki 3 za kiangazi, mgeni kamili. Nilipelekwa huku na huku, nikapigwa picha mbele ya miti iliyotundikwa kichwa chini miguu juu pale mlangoni mwa makumbusho ya sanaa, nikala mahindi ya kuchemsha, nikarudi nyumbani na kuwaambia watu kwamba ni mji mdogo mzuri wenye wachoraji. Nilichosema hakikuwa uongo, ila kilikuwa cha juujuu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Safari ya pili nilipewa jembe, na kule jembe ni koleo la theluji. Kila asubuhi nilizoa theluji kwenye ngazi za mdogo wangu kabla mtoto hajaamka, na hapo ndipo nilipoanza kuujua mji.

Kwa asiyepajua: North Adams iko kona ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Massachusetts, mwendo wa kama saa 3 kwa gari kutoka Boston. Milima imeuzunguka mji, na Mlima Greylock, mita 1,063, ndio mrefu kuliko yote jimboni. Watu ni kama 13,000. Manzese peke yake inawazidi mara kadhaa. Mwaka 1900 walikuwa zaidi ya 24,000, kwa hiyo ukitembea unakutana na majengo makubwa kuliko watu waliomo: makanisa yenye minara mirefu, maduka ya matofali ya ghorofa 4 yenye mpangaji mmoja tu chini, na viwanda. Mto Hoosic unapita katikati, umebanwa kwa kuta ndefu za zege kwa sababu ya mafuriko ya zamani. Nilipouona mara ya kwanza niliwaza Msimbazi na Jangwani, na watu wetu wanaohama kila masika.

Mto ndio ulioleta viwanda. Mwaka 1860 ndugu wa ukoo wa Arnold walianzisha kampuni ya kuchapa nguo, Arnold Print Works, na ikakua mpaka ikawa miongoni mwa wachapaji wakubwa wa nguo Marekani. Majengo yake ya matofali mekundu yamesimama pale mito miwili inapokutana, yameunganishwa kwa vijia na madaraja ya juu, na nyua zake zinapotea kona baada ya kona. Mwaka 1892 walikuwa wanachapa hata wanasesere juu ya kitambaa, paka mbele na paka nyuma. Mama wa mtoto anakata, anashona, anajaza pamba. Mwaka 1942 kampuni iliacha majengo hayo, wakaingia Sprague, watengenezaji wa vifaa vya umeme. Miaka ya 1960 Sprague iliajiri zaidi ya watu 4,000 katika mji wa watu kama 18,000. Mwaka 1985 nayo ikafunga. Hebu fikiria kila nyumba kuwa na mtu aliyekuwa anakula kwa mlango uleule, kisha mlango unafungwa.

Wazo la kufanya majengo yale kuwa makumbusho ya sanaa ya kisasa lilitoka kwa watu wa makumbusho ya chuo cha Williams, jirani hapo, mwaka 1986. Kutafuta fedha, kubishana na kusafisha kulichukua miaka 13. MASS MoCA ilifunguliwa Mei 1999, na mwaka 2017 wakaongeza jengo jingine kubwa. Kumbi zake ni kubwa kiasi kwamba unaweza kutembea nusu siku usirudie chumba. Kuta hawakuzipaka zote upya. Wameacha rangi za zamani zikibambuka tabaka juu ya tabaka, kijani cha hospitali juu ya krimu, na wameacha nguzo za mbao zenye alama za misumari. Jengo la boila wameliacha na kutu yake, na mabomba yake yote.

Hapo ndipo lazima niseme nilikotoka mimi.

Nimezaliwa na kukulia Urafiki, kando ya Barabara ya Morogoro, pale ambapo leo kituo cha mwendokasi kinaitwa kwa jina hilohilo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa kwa msaada wa China, na Mwalimu Nyerere akakifungua mwaka 1968. Mama aliingia mwaka 1974, binti wa miaka 19 kutoka Morogoro, akapelekwa idara ya uchapaji, na humo akabaki mpaka alipoacha kazi. Alifanya zamu zote, ya asubuhi, ya mchana na ya usiku. Usiku sisi watoto tulilala na mlio wa mitambo kama watoto wa Kigamboni wanavyolala na mlio wa bahari. Umeme ukikatika, kimya ndicho kilichotuamsha. Na mama akirudi tulijua siku hiyo wamechapa nini kwa kumtazama kucha. Zikiwa nyekundu ni kanga za harusi, zikiwa bluu na nyeusi ni zile za kwendea msibani. Sabuni ya mche haikuwahi kuzishinda rangi zile. Alikuwa anakanda ugali wetu kwa vidole vya bluu.

Nguo ikitoka idara ya kufuma, kabla haijapaushwa, bado ngumu na ya rangi ya maziwa ya mtindi, mama na wenzake waliiita merikani. Mkaja ule alionifungashia ulikatwa kwenye nguo ya aina hiyo. Nilikua nikidhani merikani ni neno la kiwandani tu, kama zamu au jora.

Nilikuja kujua habari yake kule kule North Adams, Desemba, theluji imefika magotini, mtoto amelala, nami nasoma kwenye simu. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani. Meli nyingi zilizokuja zilitoka Salem, bandari ya Massachusetts, jimbo hilohilo nililokuwa nimekaa nikinywa chai. Zilileta majora ya pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya huko, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Watu wa pwani wakaiita nguo kwa jina la nchi yake. Misafara iliibeba merikani mpaka Tabora na Ujiji, na njiani ilikuwa ni fedha: unalipia chakula kwa merikani, unalipa hongo kwa mtemi kwa merikani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ndiyo iliyokata mambo, nguo za Bombay na Manchester zikaingia sokoni, lakini jina likabaki midomoni mwetu.

Nilikaa na habari hiyo muda mrefu, maana haikuwa nyepesi. Pamba ile ilichumwa na watumwa huko kusini mwa Marekani, watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Ikasokotwa na kufumwa kaskazini, kwa sehemu kubwa na wasichana. Ikavuka bahari, ikanunua pembe zilizoshushwa pwani mabegani mwa wapagazi, na wengi wao wakafia njiani. Mikono yote hiyo imepita kwenye kipande kimoja cha nguo. Jina la mfalme tunalijua, na majina ya makonsuli na wenye meli tunayasoma. Aliyesokota ule uzi ni nani?

Sikulitafuta swali hilo kwa makusudi. Lilikuwa limeanza kunisumbua wiki chache nyuma, ndani ya makumbusho yale.

Mdogo wangu alikuwa amenikatia kadi ya uanachama. Alisema, "Dada, humu ndani utakufa kwa kukaa, na kule kuna joto." Basi mchana, mtoto akishashiba, nilimbeba mgongoni kwa kanga, nikavaa koti la shemeji juu yetu wote wawili, nikashuka kilima mpaka kiwandani. Naendelea kukiita kiwanda. Watu walinisimamisha mara nyingi, hasa wanawake wazee, wakitaka kujua mtoto amefungwaje na asianguke. Mmoja, mfumaji aliyekuwa na chumba chake cha kazi katika kiwanda cha zamani cha pamba kiitwacho Eclipse, ambacho sasa ni makazi na studio za wasanii, aligusa pindo la kanga yangu, akaigeuza upande wa nyuma, akaangalia rangi ilivyopenya, akauliza ilichapwa wapi. Nikamwambia Dar es Salaam, miaka ya 80, na huenda mama yangu ndiye aliyesimama kwenye mtambo. Alinikaribisha kwake siku ya pili. Ana mtambo wa mbao wa kufumia, dirisha refu kama mlango wa gereji, na meza iliyojaa nyuzi alizozitia rangi kwa mizizi na maganda ya vitunguu. Mimi ni fundi batiki, naishi kwa nta, kostiki na rangi, kwa hiyo Kiingereza kilipotuishia tuliendelea kwa mikono. Alinieleza jambo moja ambalo nadhani ndilo lililoufanya mji uwe ulivyo: wasanii wengi hawakuja kwa kupenda sanaa ya pale. Walikuja kwa sababu majengo yalikuwa matupu, madirisha makubwa, na bei ndogo kuliko New York au Boston. Sanaa ilifuata dari ndefu na kodi nafuu.

Nalisema hili kwa sababu nimeshasikia watu wetu wakizungumza kana kwamba ukishapaka ukuta rangi mji unafufuka. North Adams haijafufuka hivyo. Mji ulikuwa hauna hospitali ya kulaza wagonjwa tangu 2014, kwa hiyo mdogo wangu alijifungulia Pittsfield, na usiku ule uchungu ulipomwanza tuliendesha kwenye mvua ya barafu nikiwa nimeushika mkono wake, namsomea kila dua niliyoikumbuka. Wenzake kazini wanafanya zamu mbili kwa siku ili walipe kodi. Nyumba za mbao zilizojengwa kwa ajili ya familia za wafanyakazi, safu moja iliyo mkabala na makumbusho, sasa ni hoteli ya wageni. Nilizitazama zile baraza zake zilizopakwa rangi vizuri, nikahesabu vyumba, nikafikiria kota zetu na watoto 7 katika vyumba 2. Kitu kilinikaba rohoni. Ila sikuona pia kwamba kubomoa kungekuwa bora.

Sasa nije kwenye chumba chenyewe.

Kuna jengo zima, ghorofa 3, lenye michoro ya Sol LeWitt. Michoro ni 105, yote moja kwa moja ukutani: mistari ya penseli myembamba kama nywele inayojaza ukuta wa mita nyingi, mawimbi ya rangi, nyota, maboksi. LeWitt alifariki mwaka 2007, na jengo likafunguliwa 2008. Hakuchora yeye kuta zile. Kazi yake ilikuwa kuandika maelekezo: chora mistari hivi, kutoka hapa mpaka pale, rangi hizi. Kundi la wachoraji na wanafunzi ndilo lililofanya kazi kwa miezi, penseli mkononi, mpaka kuta zikajaa.

Nilipigia simu nyumbani kwa video nikamwonyesha mama. Kule ilikuwa usiku, alikuwa ameshasali Isha, amekaa kitandani. Nikaipitisha simu polepole juu ya ukuta mmoja wa rangi za moto, nyekundu na chungwa na zambarau. Mama alinyamaza kwanza, jicho la kazi. Halafu akasema, "Rangi imekaa. Haikutoka nje ya mstari hata mahali pamoja." Kisha: "Kachora nani?"

Nikamwambia, Sol LeWitt.

"Huyo ndiye aliyetoa sampuli. Nauliza kachora nani kwa mkono?"

Nikasogea kwenye maelezo yaliyo pembeni. Nilikuwa sijawahi kuyasoma mpaka mwisho. Yanataja mchoro ulichorwa mara ya kwanza na akina nani. Nikamsomea majina, moja baada ya jingine, ya kigeni yote, mengine sikujua hata kuyatamka.

"Wameandikwa?" akauliza.

"Wameandikwa, mama."

Akanyamaza tena. Mtoto akapiga chafya mgongoni kwangu. Mama akasema, "Haya, mrudishe mtoto nyumbani, humo kuna upepo," akakata simu.

Mnajua kanga ina sehemu 3: pindo, mji, na jina. Jina ni yale maneno. Doti niliyombebea mwana ilikuwa na jina WEMA HAUOZI. Mwanamke wa Uswahilini hanunui kanga isiyo na jina zuri. Atashika, atasoma, atairudisha. Nimeishi na kanga miaka yote hii, nazivaa, nazifulia, nimefunikwa nazo nikiumwa, na sikuwahi kuuliza kwa nini kanga ina jina na aliyeichapa hana. Mama alichapa kanga za harusi za watu ambao leo wana wajukuu. Alichapa kanga za sherehe za taifa, zikavaliwa uwanjani na maelfu ya wanawake siku moja. Ukutani kwake hakuna hata picha moja ya yeye kazini.

Baada ya simu ile nilianza kuangalia kiwanda kwa jicho jingine. Mzee mmoja nilimkuta mara 3, siku za Jumanne, katika ukumbi mmoja mkubwa. Hakuwa anatazama sanaa. Anatazama sakafu. Mara ya tatu nilimsalimia. Alinieleza kwamba alianza kazi humo akiwa na miaka 18, wakitengeneza vile vidude vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyokaa ndani ya redio, na akanionyesha kwenye mbao matundu 4 ya boliti. Mashine yake ilikuwa hapo. Upande wa kushoto alikaa dada yake, na dirisha lile la tatu ndilo walilokuwa wanafungua kiangazi kwa siri kwa sababu msimamizi hakupenda. Nilimuuliza kama anapendezwa na walivyopafanya. Alifikiri sana. Alisema anashukuru kwamba paa halivuji. Halafu akaniomba amwone mtoto, nikamgeuzia mgongo, akamtazama muda mrefu.

Kuna vitu viwili vya sauti pale ambavyo bado navisikia. Mnara wa saa wa kiwanda ulinyamaza Sprague ilipoondoka. Mwaka 1997 msanii aitwaye Christina Kubisch alizirudisha kengele zake kwa namna yake: zinafuata mwanga wa jua. Siku ya jua sauti ni kali, siku ya mawingu ni nyororo, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Na chini ya daraja la barabara kubwa, hatua chache kutoka hapo, kuna sauti nzito ya kuvuma isiyokoma. Juu, kwenye ukingo wa daraja, wamefunga mirija miwili mirefu. Magari yanapita, mirija inachukua kelele yake, na spika za zege zilizo chini zinaitoa ikiwa imetulia, karibu kama watu wengi wanaoitikia kwa pamoja wamefumba midomo. Nilikuwa nasimama pale na mtoto akilia, naye ananyamaza. Nilifikiria daraja la Kijazi pale Ubungo, malori ya Morogoro, honi za daladala, wauza maji, na nikatamani kusikia sauti yetu ingekuwaje ikipitishwa kwenye mirija ile.

Habari nyingine nilimtunzia mama mpaka niliporudi. Juni 1870 mwenye kiwanda cha viatu cha North Adams, Calvin Sampson, aligombana na wafanyakazi waliogoma, akaagiza Wachina 75 kutoka California waje wachukue nafasi zao. Ipo picha yao, wamepangwa mbele ya ukuta wa kiwanda, wengi vijana sana. Mama alilelewa kikazi na Wachina. Fundi aliyemfundisha kuchanganya rangi alikuwa Mchina aliyejua maneno machache ya Kiswahili, na yote yalikuwa ya kazi: nyekundu, polepole, bado, tayari. Nilipomwonyesha picha hiyo alivaa miwani, akaisogeza simu karibu, akasema, "Hawa watoto wametoka mbali. Nani alikuwa anawapikia?"

Nilirudi Dar Aprili, mvua za masika zimeanza, nikashuka ndege nikasikia joto linanikumbatia. Mkaja nilimwachia mdogo wangu. Mama hakuuliza, alijua.

Tangu hapo nimebadilisha kitu kimoja katika kazi yangu. Nilikuwa nasoma habari za Edward Said Tingatinga, aliyetoka Tunduru, akaanza kuchora Msasani kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Ilikuwa mwaka 1968, mwaka uleule kiwanda chetu kilipofunguliwa. Ukienda leo kwenye ushirika wao pale Oysterbay utakuta kila mchoro una jina la mchoraji kwenye kona, hata kama ni twiga yuleyule aliyechorwa mara elfu. Mji mmoja, mwaka mmoja, upande wa Msasani mkono una jina, upande wa Ubungo hauna. Sasa batiki yangu ikikauka, naandika kwa nta kwenye pindo, herufi ndogo: nani alichora, nani alitia rangi, nani alifua. Tuko wanne. Wale wasichana wawili wanaonisaidia walipoona majina yao kwenye kitambaa kinachokwenda kwenye duka la Mikocheni, mmoja alikipiga picha akamtumia bibi yake Lindi.

Mama aliishika batiki ya kwanza yenye majina, akasoma, akasogeza kidole juu ya kila herufi. Nikamwambia nataka kuandika na jina lake kwenye ile nitakayompelekea mfumaji wa Eclipse, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha rangi. Akakataa.

"Mimi sikuwa peke yangu pale," alisema. "Mtambo ule ulikuwa na watu 6 kwa zamu. Ukiniandika mimi, uwaandike na wao."

"Nitajie basi."

Tulikaa barazani kwake Mabibo, Jumapili, baada ya alasiri. Nilikuwa na daftari la shule la mtoto wa jirani. Alianza na wa zamu yake, kisha wa zamu ya usiku, kisha wale wa kufukiza kwa mvuke, kisha wakaguzi ambao walimkera miaka yote lakini akasema waandikwe. Anataja jina, anaeleza kidogo, anatulia. Huyu alikuwa anatoka Magomeni kwa miguu. Huyu alikufa mwaka ule wa mvua kubwa. Huyu ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Wengine anawajua kwa jina la mtoto wao tu, Mama fulani, na anaona aibu kwamba hajui jina lenyewe. Tulipofika jina la 27 akakwama. Alikuwa mwanamke mrefu wa zamu ya usiku, aliyekuwa anaimba kaswida mtambo ukizidi kelele, na hakuna aliyemsikia ila yule aliyesimama karibu naye. Uso anauona. Kanga aliyokuwa anajifunga kichwani anaikumbuka mpaka pindo lake.

"Usiandike kitu hapo," alisema. "Acha mstari."

Akainuka kwa kujishika goti, akaingia ndani kutafuta simu yake, ampigie shoga yake wa Mbagala, kwani yeye ndiye aliyesimama upande wa pili wa mtambo.